Kadi ya Kliniki Inaishia Wapi?

Mwaka jana nilikanyaga msumari kwenye kiwanja ninachojenga. Ubao wa zamani, msumari wa inchi nne, ndala nyembamba: mnaojenga kidogo kidogo hamhitaji maelezo zaidi. Fundi alinimwagia mafuta ya taa kwenye kidonda, akasema hilo limekwisha. Mke wangu hakukubali. Jioni nikawa nimekaa kwenye benchi la zahanati, na nesi aliyekuwa akiniosha mguu akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa tangu nipate akili.

"Kaka, pepopunda ulichanjwa lini mara ya mwisho?"

Ningeulizwa habari za binti yangu ningejibu bila kusita. Kadi yake ipo nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa, na kila kisanduku kina tarehe. Ya kwangu mama aliitunza mpaka tulipohama Tanga, ikapotelea kwenye mizigo. Nikasema nilichanjwa utotoni.

"Ya utotoni imeshakwisha hiyo," akasema, akavuta dawa kwenye bomba la sindano.

Usiku ule, mguu ukiwa juu ya stuli, niliitoa kadi ya mtoto nikaisoma kama mtu anayesoma mkataba alioutia saini zamani. Nimeibeba kwenda kliniki mara nyingi, nikipokezana na mama yake, bila kujiuliza kwa nini wiki ya 6, kwa nini surua isubiri miezi 9, kwa nini polio iwe na matone na sindano pia. Wala sikuwahi kujiuliza kwa nini, ikifika miezi 18, upande wa chanjo kadi inanyamaza.

Tuanze na neno lenyewe. Chanjo imetokana na kuchanja, kukata kwa ncha ya kisu, kama mganga anavyochanja chale. Jina hilo lina historia yake. Chanjo ya kwanza kuwafikia babu zetu ilikuwa ya ndui, nayo haikudungwa: ngozi ya mkono ilikwaruzwa kwa chuma chenye dawa, kikatoka kidonda, kidonda kikaacha kovu. Mwaka 1796 Edward Jenner, daktari wa kijijini Uingereza, alionyesha kwamba usaha wa ndui ya ng'ombe unaweza kumkinga mtu na ndui yenyewe. Lakini kuchukua usaha wa mgonjwa na kumchanjia mzima ulikuwa ujuzi mkongwe kumzidi Jenner, na Afrika ilikuwa nao. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, waliothubutu kuchanja watu walifuata maelezo ya Onesimus, mtumwa mzaliwa wa Afrika Magharibi, aliyekuwa amemsimulia bwana wake jinsi alivyochanjwa kwao. Anayekuambia chanjo ni mambo ya Wazungu amekusimulia nusu ya kisa.

Mkopo wa mama

Kadi ya Tanzania inaanza siku ya kuzaliwa, kwa sindano ya BCG, ya kifua kikuu, na matone ya polio. BCG ndiyo inayoacha kovu dogo kwenye bega la kulia. Kwa Wakenya utalikuta kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Herufi hizo zinabeba majina ya Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, waliootesha kimelea cha kifua kikuu cha ng'ombe kwenye maabara tangu 1908, wakakihamisha kutoka chombo hadi chombo mara 230 hivi, mpaka kikapoteza ukali wake. Mtoto wa kwanza aliipata mwaka 1921.

Hapa pana fundo la kwanza. Watu huuliza: kama nilichanjwa kifua kikuu, mbona nimeugua ukubwani? Kwa sababu BCG haikupewa kazi hiyo. Inamkinga mtoto mdogo na aina mbili za kifua kikuu zinazoua haraka, ile inayoshika utando wa ubongo na ile inayosambaa mwili mzima. Kifua kikuu cha mapafu cha mtu mzima inakizuia kwa kubahatisha tu. Kovu la bega si hati ya maisha.

Kisha zinakuja wiki za 6, 10 na 14, ambapo mtoto hutoka na plasta kwenye mapaja na mama hutoka na macho mekundu. Kwa nini wiki hizo? Mtoto huzaliwa na mkopo. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito, kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumwingia mtoto. Ni mali aliyoazimwa, naye hajui kuitengeneza, na kila wiki inapungua. Ukimchanja mapema mno, kingamwili za mama zinaweza kuimaliza chanjo kabla mwili wa mtoto haujaisoma. Ukichelewa, mkopo unakwisha na ugonjwa unamkuta mikono mitupu. Kifaduro, kwa mfano, hakina subira: wanaokufa nacho wengi wao ni wachanga wa miezi ya mwanzo. Nchi nyingi tajiri huanza mtoto akiwa na miezi 2. Kwetu ugonjwa hubisha hodi mapema zaidi, kwa hiyo ratiba nayo ikasogezwa.

Sindano ya paja la kushoto huitwa penta kwa kuwa ni tano ndani ya moja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Hiyo ndiyo inayoleta joto usiku, na nyumba nzima hailali. Mhusika mkuu wa joto hilo ni kifaduro, kwa sababu penta yetu ina bakteria wa kifaduro akiwa mzima, ingawa ameuawa. Nchi nyingi za Ulaya na Marekani ziliacha aina hiyo zikachukua ile ya vipande vya bakteria tu. Watoto wao hawapati joto sana, lakini imeonekana kinga yake inachuja mapema. Nimekuwa nikiwaambia wenzangu hivyo kila anapotokea wa kusema sisi tunaletewa chanjo za daraja la pili. Ile ya usumbufu ndiyo inayodumu.

Paja la kulia linapata chanjo ya nimokoki, bakteria mwingine wa nimonia, na mdomo unapata matone ya virusi vya rota vinavyoharisha watoto. Zote mbili ziliingia kwenye ratiba yetu kati ya mwisho wa 2012 na mwanzo wa 2013. Wazazi wanauliza kama sindano mbili na matone ya aina mbili kwa siku moja si mzigo mkubwa mno kwa kiumbe wa kilo nne na nusu. Ni swali halali. Ila kumbuka mtoto huyohuyo, tangu atoke tumboni, kila saa anakutana na bakteria wapya wasiohesabika: kwenye titi, kwenye kanga, kwenye kidole cha kaka yake. Vijisehemu vya vimelea vilivyomo kwenye chanjo zote za siku ile ni vichache mno ukilinganisha na anavyokutana navyo sebuleni.

Kumi na tano waliobaki

Surua ndiyo inayonifundisha zaidi kuliko chanjo nyingine zote kwamba jambo hili ni la umma, si la mtu na mwanawe peke yao.

Mgonjwa mmoja wa surua, akiingia mahali ambapo hakuna mwenye kinga, anaambukiza watu kati ya 12 na 18. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka chumbani. Kwa ugonjwa wa mbio namna hiyo, watu 95 kati ya 100 lazima wawe na kinga ndipo moto ukose kuni. Sasa fanya hesabu. Kwa miezi 9 mkopo wa mama umepungua sana lakini haujaisha kwa kila mtoto, na mwili wenyewe bado mchanga. Ukichanja watoto 100 wa umri huo, wote, bila kukosa hata mmoja, 85 hivi watapata kinga. Waliobaki 15 kadi zao zimejazwa, mama zao wametimiza wajibu, na bado surua inawaona.

Dozi ya pili ya miezi 18 ipo kwa ajili ya hao 15. Wengi huidhani ni ya kuongezea nguvu ile ya kwanza, kama kuongeza maji kwenye juisi nzito, wakaipuuza: "si alishachanjwa?" Ndiyo, alichanjwa, ila hakuna ajuaye kama yumo kwenye 85 au kwenye 15, kwa hiyo wanachanjwa wote tena. Kama dozi ya kwanza isingekuwa ya mapema, kule kwenye miezi 12 kinga ingeshika kwa watoto wengi zaidi; lakini katika miezi hiyo mitatu ya kungoja, surua ingezika wengi. Ratiba ni mapatano na ugonjwa, na ugonjwa ndio wenye haraka.

Hapo ndipo zinapotokea kampeni zile za gari lenye spika kupita mtaani likiita watoto hata waliokwisha kuchanjwa. Kila mwaka waliokosa dozi na wale ambao dozi haikuwashika wanajumlishwa na wa mwaka uliotangulia. Miaka mitatu au minne ikipita, wamekuwa kundi kubwa la kutosha surua kurudi. Kampeni inafagia. Hiyo ndiyo sababu sindano ya surua na rubella iliyotolewa nchi nzima Februari 2024 haikuuliza kadi inasemaje.

Na rubella imeingiaje humo? Kwa mtoto ni vipele na homa ndogo, basi. Lakini ikimshika mwanamke katika miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, au na mtoto wa jicho, au na tundu kwenye moyo. Kwa hiyo kijana wa kiume wa miezi 9 anayelia pale kliniki anachanjwa kwa ajili ya mimba ya mwanamke asiyemjua.

Jambo moja zaidi kuhusu surua, kwa wale wanaosema "ugonjwa wa kawaida tu, sote tuliugua". Utafiti uliochapishwa 2019 ulipima damu za watoto kabla na baada ya kuugua surua, ukakuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Surua inafuta daftari. Bibi zetu walijua bila maabara: mtoto aliyepona surua walimwangalia miezi mingi, kwa kuwa kinachomfuata ni kuhara na kichomi.

Kwa nini uambiwe urudi Alhamisi

Mama ametembea kutoka kitongojini, amefika saa mbili asubuhi, anaambiwa: surua tunachanja Alhamisi. Anarudi nyumbani amenuna, na wakati mwingine Alhamisi haji. Kwenye ripoti ataandikwa mzembe.

Sababu iko kwenye chupa. Chanjo ya surua huja ikiwa unga, dozi 10 kwenye chupa moja. BCG huwa dozi 20. Unga ukishachanganywa na maji yake maalumu, hauna kitu cha kuzuia bakteria wasiote ndani, kwa hiyo baada ya saa 6, au siku ya kliniki ikiisha, kilichobaki lazima kimwagwe. Kukitumia kesho yake ni kumdunga mtoto sumu, na watoto wamewahi kufa kwa kosa hilo. Nesi mwenye chupa tatu za kumfikisha mwisho wa mwezi anaangalia mtoto mmoja kwenye benchi, anaona dozi tisa zikimwagika kwenye sinki, anasema Alhamisi. Mwongozo wa kimataifa unamwambia afungue chupa hata kwa mtoto mmoja, maana dozi iliyomwagwa inanunulika tena, mama aliyerudishwa huenda asirudi. Nakubaliana nao. Lakini mwongozo huo umeandikwa na mtu ambaye hatapigiwa simu ya wilaya akiulizwa chupa zimekwenda wapi. Mzigo wa Alhamisi si wa nesi peke yake, wala mama huyo hastahili kuitwa mzembe.

Nyuma ya chupa kuna friji. Chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8 tangu kiwandani mpaka kwenye paja la mtoto, na safari hiyo yote watu wa kazi huiita mnyororo baridi. Wengi tunadhani adui ni joto tu. Penta, pepopunda, homa ya ini na ile ya saratani ya mlango wa kizazi huharibika zikiganda; chupa iliyogandana na barafu ya friji imekufa, ijapokuwa ikiyeyuka inaonekana nzima. Dhidi ya joto kuna mlinzi mdogo ambaye hata wewe unaweza kumsoma. Angalia chupa: ina alama ya duara, ndani yake mraba mweupe. Kadiri joto linavyoipata, mraba unazidi kuwa mweusi. Ukifanana na duara, chupa hiyo haifai. Hakuna ubaya kuomba kuonyeshwa. Wauguzi niliowaomba walifurahi kupata mtu wa kumwonyesha.

Matone na sindano za polio

Polio ndiyo fundo lenye uvumi mwingi, na sehemu ya uvumi huo imeanzia kwenye jambo la kweli. Kwa hiyo nalisema wazi: matone ya polio, kwa nadra, yanaweza kuzaa polio.

Matone yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Vinakaa kwenye utumbo wa mtoto, vinaujengea utumbo kinga, kisha vinatoka na choo. Mahali penye vyoo duni vinawafikia watoto wa jirani nao wakapata kinga ya bure. Penye watoto wengi waliochanjwa mwendo huo unafika ukingoni na kufa. Lakini penye wengi wasiochanjwa, virusi vile vinapokezanwa miezi na miezi, vikibadilika kidogo kidogo, mpaka vinarudia ukali wa kupooza miguu. Mwaka 2023 ndivyo ilivyogunduliwa Sumbawanga, mkoani Rukwa, kwa mtoto aliyepatwa na polio ya aina ya pili ya namna hiyo. Burundi ilikuwa imetangaza mlipuko kama huo mapema mwaka huohuo. Aina ya pili ilikuwa imeondolewa kwenye matone duniani kote Aprili 2016, baada ya virusi vyake vya asili kutoweka, na watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuwa na kinga yake kwenye utumbo. Kampeni ya mikoa ya magharibi na nyanda za juu iliyofuata ilitumia matone mapya ya aina ya pili, yaliyotengenezwa yawe magumu kurudia ukali.

Ndipo unapoielewa sindano ya wiki ya 14, iliyoingia kwetu 2018. Ina virusi vilivyouawa, haiwezi kuzaa polio kamwe, na inazuia kupooza. Ila kinga yake iko kwenye damu zaidi kuliko utumboni: mtoto aliyepata sindano peke yake anaweza kuvibeba virusi bila kuumwa na kuwaambukiza wengine. Matone yanazuia njia, sindano inalinda miguu. Polio ya asili ilitangazwa kwisha Afrika tarehe 25 Agosti 2020, kisha Februari 2022 Malawi ikatangaza mtoto aliyepooza kwa virusi vyenye asili ya Pakistan. Ndiyo maana mwaka ule wachanjaji waliwagongea mlango.

Uvumi mwingine naupitia haraka. Ule wa chanjo kuleta usonji ulitokana na makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12. Jarida lililoichapa liliifuta 2010 na yeye akavuliwa udaktari Uingereza. Ule wa sindano ya pepopunda kufunga uzazi uliwaka Kenya mwaka 2014, maaskofu Wakatoliki wakaishutumu serikali hadharani, serikali na Shirika la Afya Duniani wakakana. Jibu langu si la maabara: wanawake wa Afrika Mashariki wamedungwa sindano hiyo wakiwa wajawazito kwa miongo kadhaa, na wodi za wazazi zimejaa.

Baada ya miezi 18

Nirudi kwenye mguu wangu.

Kutu haina hatia. Vimelea vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha ng'ombe na farasi, ndani ya ganda gumu, vikingoja kidonda kirefu kisichopata hewa. Msumari ni njia tu, kama ulivyo mwiba, ama wembe wa kukatia kitovu. Vimelea vikishaingia vinatoa sumu inayokaza misuli: taya linafunga, mgongo unapinda kama upinde. Jina lenyewe lina pepo ndani yake, na si ajabu. Aliyeona alidhani mgonjwa amepandisha.

Ugonjwa huu unavunja kanuni mbili zinazoshika kwa magonjwa kama surua. Kwanza, hakuna kinga ya jamii. Hata kama mtaa mzima umechanjwa, udongo haukujui. Asiyechanjwa ni peke yake. Pili, ukiugua ukapona hupati kinga, kwa sababu kiasi cha sumu kinachotosha kuua ni kidogo mno kiasi kwamba mwili hauisomi. Kinga inatoka kwenye sindano tu, na inachuja. Kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuchanjwa, dozi ya kwanza ni ya kufungua mlango. Ya pili, baada ya wiki 4, hudumu mwaka mmoja hadi mitatu. Ya tatu, baada ya miezi 6, hudumu mitano. Ya nne, mwaka mmoja baadaye, hudumu kumi. Ya tano, mwaka mwingine baadaye, inamvusha umri wote wa kuzaa. Anampitishia na mtoto tumboni, ule mkopo tuliouzungumza. Ndivyo Tanzania ilivyotangazwa mwaka 2012 kuidhibiti pepopunda ya wachanga, iliyokuwa ikiwaua siku chache baada ya kuzaliwa na watu wakasema ni degedege.

Sasa niambie mwanamume anaipata wapi dozi ya tano. Au ya nne. Baba yangu, mimi, fundi aliyenimwagia mafuta ya taa, kijana wa bodaboda anayeburuzwa na lami kila mwezi: tulipata zetu tatu za uchanga, waliozipata, na baada ya hapo hakuna mlango wa kliniki tulioitwa kuingia. Mwanya huo ulionekana wazi kwenye mpango wa tohara ya hiari kwa wanaume, Uganda hasa, ambako wanaume wazima waliotahiriwa walipata pepopunda. Kufikia 2016 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwongozo wa kuwachanja kabla. Kidonda kilichoandaliwa hospitalini ndicho kilichotukumbusha kwamba wanaume hawana kadi.

Mgonjwa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya asili hakuwa mtoto. Alikuwa Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia. Oktoba 1977 alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili kuwaonyesha njia. Alifanya kazi hospitalini, na chanjo ilimpita kwa sababu aliiogopa sindano. Alipona. Uzeeni, kama kulipa deni, alijiunga na kampeni ya polio akiwasihi wazazi kwa kisa chake mwenyewe, mpaka malaria ilipomuua mwaka 2013 akiwa kazini.

Chanjo za ukubwani zipo, ila zimetawanyika kama vyombo vya msibani, kila kimoja kwa mwenyewe. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wana ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza nchi nzima 2018 na tangu 2024 ni dozi moja tu. Inatolewa mapema hivyo kwa kuwa haifukuzi virusi vilivyokwisha kuingia, si kwa sababu yoyote ya aibu. Rwanda ilianza 2011, ya kwanza Afrika, ikavuka asilimia 90. Anayekwenda Hija hudungwa ya homa ya uti wa mgongo, angalau siku 10 kabla, kwa masharti ya Saudi Arabia. Msafiri ana kadi ya njano ya homa ya manjano, ambayo tangu Julai 2016 ni ya maisha, hivyo asikubali kudungwa upya kwa sababu tu ile ya zamani imeandikwa miaka 10. Homa ya ini B kwa mtu mzima ni dozi tatu ndani ya miezi 6, kipimo kwanza. Mchanga anayeambukizwa hubaki nayo kwa asilimia 90, mtu mzima kwa chini ya 5, na ndiyo sababu imewekwa kwenye penta. Aliyeng'atwa na mbwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na chanjo inaweza kukitangulia. Dalili zikianza, hakuna wa kumrudisha.

Mimi nilirudi baada ya wiki nne. Nesi alinikumbuka kwa jina la mguu: "Msumari!" Akanidunga ya pili, akatafuta pa kuiandika. Kadi za watoto zilikuwepo, na za wajawazito. Akachukua ya mjamzito, akakata mstari juu ya neno "mama", akaandika jina langu na tarehe ya dozi ya tatu. Ipo kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na ya binti yangu.